Kutoka dramaturgi hadi bosi wa redio ya utamaduni: vile unaeza anza ukiwa Nairobi

Kuna barabara moja hapa Nairobi yenye inabeba hii kazi yote, Harry Thuku Road. Kenya National Theatre iko hapo tangu 1952, na ukitembea dakika chache tu uko kwa geti ya KBC, shirika la utangazaji la taifa. Jukwaa na redio ni majirani. Nimefanya kazi pande zote mbili, miaka na miaka nikisoma skripti za watu wengine, na vijana huniuliza swali moja, we si mwandishi, si dairekta, si mwigizaji, sasa hapa we ni nani? Mimi ni dramaturgi, mtu wa kusoma skripti na kuuliza maswali kabla mchezo ufike kwa watu. Leo nataka niandike vile mtu anaeza anza hio kazi akiwa hapa, bila jina bila godfatha, mpaka siku apewe kiti cha kuongoza vipindi vya utamaduni kwa redio, juu hio njia iko, Wajerumani wameipita zaidi ya miaka mia na sisi tunaeza kuisoma kwao bila kuiga kila kitu.

Kwanza ujue hio jina imetoka wapi. 1767 huko Hamburg walifungua teta ya taifa, wakamwajiri Gotthold Ephraim Lessing, kazi yake ikiwa kukaa chini atazame michezo halafu aandike, hii imesimama, hii imeanguka, imeanguka kwa nini. Aliandika matoleo 104. Waigizaji walikasirika wakitajwa, ikabidi aache kuwagusa abaki na mchezo wenyewe, na teta ikafilisika ndani ya muda mfupi tu. Lakini kazi yake ilibaki, na mpaka leo karibu kila teta kubwa Ujerumani ina ofisi ya udramaturgi, yaani watu wanalipwa mshahara wa kusoma, kuchagua, kukata, kuuliza maswali, na kusimama mbele ya watu kabla pazia lifunguke wawaelezee wanakuja kuona nini.

Sasa kama unataka mtu mmoja wa kufuata nyayo, mimi ningekuonyesha Ernst Schnabel. Alizaliwa 1913, ujana wake akaumalizia baharini kama baharia, hakua mtoto wa teta. Vita ilipoisha akaingia redio ya Hamburg, NWDR, iliyokua chini ya Waingereza, na 1946 akawa dramaturgi mkuu hapo. Kufika 1951 alikua mkurugenzi wa kituo chote cha Hamburg. Mwanzo wa miaka ya sitini akapewa kuongoza programu ya tatu, ile ya utamaduni, ya redio za Hamburg na Berlin. Baharia, msomaji wa skripti, bosi. Ukiangalia vizuri, kitu alichofanya hatua zote ni kimoja, kuskiza kabla ya wengine waskize. Hio ndio kazi, na hio ndio utajifunza hapa.

Anza na kusoma. Tafuta kundi lenye linafanya mazoezi, yako mengi, kwa holi za kanisa, kwa social hall za mtaani, shule zikijiandaa na drama festival, na uwaambie utawasomea skripti bure na uwape ripoti ya ukurasa mmoja. Mmoja tu. Ripoti yangu ya kwanza ilikua kurasa sita na nilimwandikia mwandishi mwisho mpya wa mchezo wake, mtu akachukua skripti yake akaenda nayo, na alikua na haki. Kazi yako si kuandika upya. Soma mara ya kwanza kwa kikao kimoja bila kalamu, simu iwe mbali. Siku ya pili, kabla ufungue tena, andika yale unayakumbuka, juu yale yamebaki ndio mchezo, mengine bado ni maneno. Halafu soma kwa sauti, hata kama uko kwa bedsitter na jirani anaskia, na kila mahali ulimi ukikwama ama mawazo yakienda kwa bei ya unga, weka alama na namba ya ukurasa. Kwa ripoti uandike nani anataka nini, nani anamzuia, ni ukurasa gani ulichoka, na swali moja tu kubwa kwa mwandishi. Swali, si ushauri. "Huyu dada alijua lini?" inasaidia kuliko kurasa kumi za maoni.

Fanya hivo kwa skripti ishirini kabla ujiite dramaturgi. Huko Ujerumani vijana huanza kama wasaidizi, wanasoma rundo la skripti zilizotumwa na watu wasiojulikana, wanaandika kijitabu cha mchezo, wanaleta chai pia, na ni hapo wanajulikana. Hapa kijitabu ni karatasi moja ya A4 imekunjwa, lakini jitolee uiandike wewe, na usiijaze shukrani kwa wafadhili. Mpe mtazamaji kitu kimoja cha kumfungulia mlango, kama mchezo ni wa shamba basi umwambie ni sheria gani ya ardhi ilikua inatumika mwaka huo.

Kwa mazoezi kuna adabu yake. Usikae mstari wa mbele, kaa wa tatu, kesho kaa nyuma kabisa, keshokutwa kando karibu na mlango pale waliochelewa hukaa, utagundua mchezo unaonekana tofauti kila mahali. Mwigizaji usimpe maoni wewe. Mpe dairekta, wakiwa wawili, baada ya mazoezi, na uanze na yale uliona kabla ya yale ulifikiria. Na uwe na heshima na masikio ya watu wa kawaida. Pale Kamirithu, Limuru, 1977, wakiandaa Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mazoezi yalikua wazi, wanakijiji wanakuja wanaangalia, na wazee walikua wanasahihisha lugha, mzee haongei hivo, msichana hawezi kumjibu babake na neno kama hilo. Mchezo ulipigwa marufuku baadaye lakini hio njia ya kufanya kazi ni udramaturgi wa hali ya juu kabisa, bila mtu kuuita hivo. Mimi kila skripti ya Kiswahili nampatia mtu mmoja wa rika la mhusika aisome, kama ni mama mboga basi mama mboga, na nampa kitu kidogo kwa muda wake.

Kukata ndio mahali watu wengi hushindwa, kwa hivo hapa nitakaa kidogo. Kulikua na mchezo wa mama mwenye kijana wake alienda Ghuba kufanya kazi na hakurudi. Mwandishi alimpa mama hotuba ya ukurasa mzima, analia, anaeleza ajenti, pasipoti, simu ya mwisho. Nzuri ukiisoma. Kwa mazoezi tukaona kitu, kabla ya hotuba mama alikua anapanga sahani za jioni, anaweka moja, mbili, tatu, anasimama, halafu anachukua ile ya tatu anairudisha kwa kabati. Huyo mwigizaji alifanya tu juu propu ilikua imezidi. Nikamuuliza dairekta kama tunahitaji hotuba. Tulibishana siku mbili. Tulibakisha sentensi mbili za mwandishi na zile sahani, na mwandishi mwenyewe ndio alichagua ni sentensi gani. Sheria yangu ni hio, mimi naonyesha mahali pa kukata, kisu anashika mwenye mali.

Halafu utatakiwa kuvuka barabara, kuingia redio. Huo mchezo wa sahani tuliambiwa tuufanye wa redio, na mimi nikafikiria ni rahisi, sahani si zinalia? Tukarekodi sahani tatu za bati zikiwekwa mezani, kimya, moja inaondolewa, kabati inafungwa. Tukawaskizisha watu watano wenye hawakua wanajua mchezo. Hakuna hata mmoja alielewa, mmoja alidhani mama anaosha vyombo. Kwa jukwaa macho yalikua yanafanya kazi yote. Tungeeza kumfanya mama aseme "sasa narudisha sahani ya mwanangu kwa kabati," na hio ndio makosa utaskia kwa michezo mingi ya redio, mtu anajitangaza kama kondakta. Tulichofanya, tuliongeza mtoto, mjukuu, na laini moja tu. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Shosho, hii ni ya nani?" Kimya. Unaskia sahani imeinuliwa, polepole, halafu mlango wa kabati. Wale watano wa pili walielewa wote, na mmoja alitoa hedifoni akatoka nje kwanza.

Kwa hivo zoezi la kwanza la redio ni hilo, chukua onyesho moja la jukwaa lenye halina maneno na ulifanye lieleweke gizani bila mtu kueleza. Ukiweza hilo unaeza yote. Wajerumani walianza kujiuliza hayo mapema sana, redio yao ilianza kurusha Oktoba 1923 Berlin, na mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1924, Hans Flesch pale Frankfurt alirusha mchezo uliotungwa kwa ajili ya redio yenyewe, studio inaonekana kama imevurugika, sauti zinaingiliana, msikilizaji hajui kama ni ajali. Yaani hawakuchukua teta waiweke maikrofoni, waliuliza maikrofoni inataka nini.

Ya kurekodi Nairobi ntaeleza haraka. Studio nzuri ni pesa, lakini kabati lenye nguo na blanketi mbili nzito zinakupa sauti safi kuliko chumba cha tiles. Rekodi baada ya saa nne usiku matatu zikipungua, zima friji, simu zote airplane mode, na kama uko chini ya mabati angalia mvua kwanza. Sauti ya mawazo ya ndani, mdomo uwe shibiri moja kutoka kwa maikrofoni, maongezi ya kawaida urefu wa mkono, kuitana mtu asimame mlangoni kabisa ageuze uso. Kabla mtoke, rekodi dakika moja ya chumba kitupu bila mtu kupumua, itakuokoa wakati wa kuedit. Na usichukue milio ya intaneti bila kuskiza vizuri, nimeskia mchezo wa Kibera wenye ndege wa msituni Ulaya wanaimba nyuma. Jiko likipulizwa, ndoo ikiburutwa kwa simiti, geti ya plot, hizo zirekodi mwenyewe uweke kwa folda yako, utazitumia miaka kumi.

Turudi kwa Schnabel. Tarehe 13 Februari 1947, yeye akiwa dramaturgi mkuu, redio ya Hamburg ilirusha mchezo wa kijana aitwaye Wolfgang Borchert, mwanajeshi amerudi nyumbani na hakuna mlango unaomfungukia. Kijana alikua mgonjwa kitandani na hakuuskia usiku huo juu stima ilikua imekatwa mtaani kwao. Ulipofika jukwaani, Novemba 21 mwaka huo huo, Borchert alikua amekufa siku moja kabla, akiwa na miaka 26. Redio ilitangulia teta kwa miezi tisa. Mimi nikiskia mtu anasema redio ni ya wale wameshindwa kupata jukwaa huwa namwambia hio stori.

Na miezi hio hio, baridi kali na njaa, redio iliwaomba wasikilizaji waandike vile waliishi siku moja ya kawaida, tarehe 29 Januari 1947. Barua zilikuja maelfu, na Schnabel akazisuka zikawa kipindi. Hii unaeza ifanya wiki hii na simu tu. Chagua siku, sema Jumanne ijayo, waombe watu thelathini wakutumie voice note ya dakika mbili kila mmoja kwa WhatsApp, walifanya nini kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa moja. Si maoni yao kuhusu maisha, walifanya nini. Omba ruhusa ya kutumia sauti, kwa maandishi. Soldier wa usiku akifunga zamu, mama wa Gikomba akifungua bale, mwanafunzi anangoja basi Kencom. Panga kwa saa, kata kila moja ibaki sekunde arobaini hivi, usiweke muziki wa huruma chini. Utakua na dakika ishirini hivi za kuenda nazo kwa mlango wa kituo chochote, na ni kazi yako, si CV.

Ukifika huko soma pia ya kwetu. Kenya tulikua na mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana hewani miaka ya themanini, na Tanzania Twende na Wakati ikaanza 1993, na ile ya Tanzania hufaa kusomwa na kila dramaturgi. Walitumia njia iliyotengenezwa Mexico na Miguel Sabido, mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati mwenye anayumba, na yule wa katikati ndio msikilizaji humfuata. Dereva wa lori Mkwaju watu walimjua kama jirani. Dodoma haikurusha mchezo mpaka 1995 ili watafiti walinganishe. Uzuri ni kwamba somo la afya halikutolewa kama hotuba, lilipita kwa maisha ya Mkwaju. Hio tofauti utaipigania maisha yako yote, juu mfadhili atakuja na ujumbe wake anataka usemwe mara tatu kila episodi.

Ambayo inatuleta kwa kiti cha bosi, na hapa ukweli ni pesa. Ujerumani kila nyumba inalipa mchango wa utangazaji, euro 18.36 kwa mwezi tangu 2021, na ndio maana kuna redio nzima za utamaduni zenye idara ya michezo na dramaturgi wake. Sisi hatuna hio. Ukipewa kuongoza kipindi hapa utapewa saa mbaya, sema Jumapili saa nne usiku, na bajeti ya nauli. Ikubali, lakini andikisha mambo matatu kabla uweke sahihi, muda kamili wa kipindi bila kukatwa, malipo ya mwandishi hata kama ni kidogo, na nani ana neno la mwisho kwa skripti. Nilijifunza vibaya. Kituo kimoja kilichukua mchezo wetu wa dakika arobaini na tano kikakata dakika kumi za mwisho ili matangazo yaingie, hatukuambiwa, tuliskia hewani pamoja na wasikilizaji. Mwandishi alinipigia simu usiku huo na sikua na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Tangu siku hio mkataba wangu unasema dakika.

Mfadhili mpe orodha ya mambo anayoeza kuangalia, kama ukweli wa habari za afya ama sheria, na umweleze mapema kwamba mazungumzo ya wahusika si yake. Ukisema baada ya skripti kuisha ni vita, ukisema kikao cha kwanza wengi hukubali. Na simu za hasira usiziogope. Aprili 1951 Hamburg walirusha mchezo wa Günter Eich kuhusu ndoto mbaya tano, na watu walipiga simu usiku huo huo wakiwa wamechemka, lakini mchezo huo leo unafundishwa kama nguzo ya redio yao. Simu za hasira zirekodi, zisome na timu Jumatatu, utajua mchezo uligusa wapi. Bertolt Brecht, mwandishi wa michezo Mjerumani aliyeanza pia kama dramaturgi, alisema 1932 kwamba redio inafaa imwezeshe msikilizaji kuongea pia, si kupokea tu. Wewe una WhatsApp, yeye hakua nayo.

Kuna wale watataka kuenda Ujerumani kusomea. Inawezekana, lakini anza Kijerumani mapema, Goethe-Institut iko Maendeleo House hapo Monrovia Street, na ukiwa pale uliza maktaba yao pia. Deutsche Welle ina idhaa ya Kiswahili tangu 1963 na michezo yao ya Noa Bongo ni mahali pazuri pa kuskiza vile skripti moja inabebwa na waigizaji wa lafudhi tofauti. Na kumbuka Ebrahim Hussein, mwandishi wa michezo wa Tanzania, alienda Berlin, Chuo cha Humboldt, akafanya udaktari wake kuhusu teta ya Afrika Mashariki, yaani alienda huko kusoma kwetu. Ukienda, beba swali lako kutoka hapa.

Siku ukikalia hicho kiti, usiache kusoma. Mimi nilipopewa dawati la vipindi mikutano ilinimeza miezi minne, nikawa naidhinisha skripti kwa muhtasari, na nikaruhusu mchezo dhaifu uende hewani juu jina la mwandishi lilikua kubwa. Saa hii asubuhi mbili kwa wiki ni za skripti, mlango umefungwa, na rundo la wasiojulikana ndio naanza nalo.

La mwisho ni makabati ya kumbukumbu, yaani kuhifadhi kazi yako. Vitu vyetu vinapotea vibaya sana, kanda zimerekodiwa juu yake, flashi zimepotea kwa matatu. Timu ya Brecht huko Berlin ilikua inapiga picha kila onyesho na kuziweka kwa vitabu vya kumbukumbu ili mwingine aone ilifanywaje. Fanya ya kwako kabla ya kwenda nyumbani siku ya mwisho ya kurekodi, nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa, na karatasi ya tarehe, mahali, dakika ngapi, nani alisimama wapi, mlio gani ulitengenezwa na nini. Andika majina yote. Hata huyo mtoto wa "Shosho, hii ni ya nani?", alikua na miaka saba, aliletwa na mamake baada ya shule akiwa bado na yunifomu, jina lake liko kwa ukurasa wa kwanza wa faili yetu.